Gemu ya gari linalopanda juu, na mtu anayeruka pembeni ya barabara: nani mwingine alimwona?

binti_wa_gungu

Wakuu, habari za jioni. Naomba mnisaidie kumaliza ubishi wa nyumbani wa karibu miaka thelathini, maana Idi iliyopita umezuka upya na nusura sinia la pilau limwagike.

Mimi ni mzaliwa wa Kigoma, pale Gungu. Mwaka 1996 mjomba alikuja na treni kutoka Dar, akashuka hapa mwisho wa reli na boksi lililofungwa kamba ya katani. Ndani kulikuwa na gemu ya Kichina ya kuunga kwenye TV. Mashine nyeupe, pedi mbili, na kaseti moja ya njano iliyojigamba kwamba ina gemu 9999. Tulizihesabu karibu wiki nzima. Zilikuwa kama kumi na mbili, zilizobaki ni zilezile zimebadilishiwa namba au zinaanzia raundi ya mbele. Mjomba alipoambiwa akasema hata kumi na mbili ni nyingi kwa watoto wanaotakiwa kuwa madrasa.

Kati ya hizo, iliyotutoa roho ni moja ya mbio za magari. Huoni barabara mbele yako kama dereva. Unaiona kutoka juu, kama ndege, gari lako liko chini ya kioo na barabara inashuka kuja kwako. Kitufe kimoja ni mwendo wa kawaida, kingine ni mwendo mkali, na pembeni namba zinapanda mpaka 400. Kuna magari ya kukupita njiani, kuna malori ambayo ukiyagusa tu umekwisha, kuna mafuta yamemwagika barabarani. Ukigongwa ubavuni gari linayumba; ukiwahi kulirudisha kwa kidole linatulia, ukichelewa linagonga ukingo na kulipuka. Muda wote petroli inapungua.

Sheria ya nyumbani ilikuwa: ukilipuka, toa pedi. Isipokuwa kaka mkubwa. Yeye alikuwa na haki ya kulipuka mara tatu kwa sababu eti ndiye anayejua kuunga waya. Watoto wa nyumbani tulikuwa watano, na majirani walikuja kwa ushuru: embe, mapera, mara moja mgebuka mzima wa kukaanga ambao mama aliukamata na kurudisha kwa wenyewe. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa umri, halafu wa kike. Zamu yangu ilifika jua likizama, na umeme wetu enzi hizo ulikuwa wa majenereta ya dizeli, wenye ratiba yake. Kwa hiyo nikipata pedi niliishika kama yai.

Sasa ubishi. Mimi nasema kulikuwa na mtu. Ukiwa unakwenda vizuri, pembeni ya barabara anapita mtu anaruka, mikono mbele, amevaa nguo nyeupe na joho linapepea. Nimemwona zaidi ya mara kumi. Kaka mkubwa anasema hakuna mtu, amecheza gemu hiyo kuliko mimi, hajawahi kumwona hata siku moja, na kwamba nilikuwa nasinzia. Idi hii akaongeza mbele ya shemeji zangu kwamba utotoni nilikuwa naona majini.

La pili dogo: gemu yetu haikuwa na rangi. TV ilikuwa ya rangi, mikanda ya video ilitoa rangi, gemu ikatoa kijivu. Kaka anasema mjomba alipigwa mashine mbovu. Kweli?

---

mtoto_wa_stesheni

Dada, shika silaha yako. Hiyo gemu ni Road Fighter ya Konami, kampuni ya gemu ya Kijapani. Kwenye mashine za kutumbukiza sarafu ilitoka 1984, mwaka uliofuata ikaingia kwenye Famicom, yaani mashine ya Nintendo iliyoanza kuuzwa Japani Julai 1983. Hiyo ya mjomba ilikuwa nakala ya Famicom iliyotengenezwa mtaani, ndizo zilizojaa Afrika nzima. Famicom halisi mimi sijaiona mpaka leo ila pichani.

Na mtu yupo! Anaitwa Konami Man, ni shujaa wa kampuni, walikuwa wanampachika kwenye gemu zao kama muhuri. Anapita ukienda mbali bila kulipua gari, na anakuongezea pointi. Sisi Tabora, mitaa ya Kiloleni, tulimwita Bwana Zawadi.

Sasa soma tena hapo: *bila kulipua gari*. Kaka yako alikuwa na haki ya kulipuka mara tatu. Aliitumia?

---

binti_wa_gungu

Aliitumia YOTE. Kila zamu. Yule kidole chake hakikuwahi kutoka kwenye mwendo mkali tangu mjomba afungue boksi. Malori yote ya Japani aliyagonga yeye.

Subirini kidogo, nimesimama nazunguka sebuleni.

Kwa hiyo mimi nilimwona kwa sababu nilikuwa naogopa kutoa pedi, na yeye hakumwona kwa sababu hakuna wa kumnyang'anya. Miaka yote hii!

---

mawese_mekundu

Mimi sina la gemu, nina la pedi. Nani mwingine wa Kigoma pedi yake ilinata? Kwetu Ujiji tulikuwa tunakula wali na maharage ya mawese, hakuna anayenawa vizuri maana zamu itapita, matokeo yake kile kitufe cha mwendo mkali kikishuka hakipandi. Gari linakwenda 400 lenyewe. Babu yangu alikaa akatazama, akasema hilo gari limekatika breki, mwiteni fundi.

---

fundi_solda

Kitufe kilichonata dawa yake ni spiriti na pamba, na kaseti vilevile. Wale mliokuwa mnapuliza kaseti kwa mdomo mlikuwa mnapeleka mate kwenye shaba. Iliwaka kwa sababu mliichomoa na kuichomeka upya, basi.

Nimerudi kwa dada wa Gungu. Nimefungua TV Mwanga sokoni, hapa Kigoma, tangu 1989, na hilo swali lako la kijivu ndilo lililonilipia nyumba, kwa hiyo nijibu haya kabla sijasema mjomba kapigwa:

TV ilinunuliwa wapi? Mikanda ya video iliyotoa rangi ilitoka wapi? Na gemu ilikuwa na sauti safi au inakoroma?

---

binti_wa_gungu

Shikamoo fundi.

TV baba aliinunua Bujumbura, 1991 au 1992, kabla mambo ya kule hayajaharibika. Alikuwa anafunga injini za boti za mizigo. Ililetwa kwa boti mpaka Kibirizi, imeviringishwa godoro, na baba aliikalia njia nzima ili isirushwe na mawimbi. Kuseti stesheni ulifungua kimlango kidogo chini ya kioo, ndani kuna vigurudumu unavyovizungusha kwa njiti ya kiberiti. Hapo ndipo kaka alipopatia ufalme wake.

Mikanda na deki vilitoka hukohuko Bujumbura.

Sauti ilikuwa safi kabisa. Mlio wa gari lile naweza kuutoa kwa mdomo hata sasa, wanangu ni mashahidi.

Halafu umenikumbusha kitu. Kulikuwa na mkanda wa harusi ya mama mdogo, alioolewa Dar. Ule ulitoka kijivu. Mama alisema ni kwa sababu harusi ilifanyika mawingu yametanda.

---

fundi_solda

Marahaba mwanangu. Mawingu hayana kosa, na mjomba hakupigwa.

Televisheni za zamani zilikuwa na lugha tatu za rangi: NTSC ya Wamarekani na Wajapani, PAL ya Wajerumani, SECAM ya Wafaransa. Hizi mbili za mwisho zilianza kurushwa hewani mwaka mmoja, 1967. Sisi Tanzania tulikuwa PAL. Burundi na Zaire, kwa sababu ya kufuata mkondo wa Kifaransa, walikuwa SECAM. Kwa mwanga na kivuli PAL na SECAM ni ndugu, zote mistari 625, picha 25 kwa sekunde, kila picha ikichorwa kwa mikupuo miwili. Zinagombana kwenye rangi tu. TV ya Bujumbura ukiipa PAL inasoma picha vizuri, haitetemeki, haigawanyiki, ila ikifika kwenye rangi haielewi maneno, inaruka. Unapata kijivu safi. Ndiyo gemu yenu, na ndiyo harusi ya mama yako mdogo.

Utauliza kwa nini mtu wa Kigoma anunue TV isiyo ya kwao. Kwa kwao lipi? Bara hatukuwa na kituo chochote cha televisheni mpaka 1994. Zanzibar walikuwa na ya rangi tangu 1973, lakini Zanzibar na Gungu wapi na wapi. TV hapa ilikuwa ya kutazamia mikanda, na mikanda ilivuka ziwa. Baba yako alinunua kilichokuwa sahihi kwa wakati wake.

Sasa sauti. Sauti ilikuwa inasafiri pembeni ya picha kwa umbali maalumu wa masafa. Burundi umbali huo ulikuwa megahezi 6.5. Tanzania Bara ulikuwa 5.5. Na Uchina, ilikotengenezwa mashine yenu, ilikuwa PAL lakini sauti ikiwa 6.5. Umeona? Gemu nyingi zilikuja zimefungwa kama za kuuzwa kwao. Kwenye TV ya Bujumbura sauti inakubali, rangi inakataa. Kwenye TV iliyonunuliwa Dar ni kinyume: rangi zinawaka kama kanga, sauti inakoroma *shhhh*. Wateja walikuwa wanakuja wawili wawili, kila mmoja anadhani mwenzake ana gemu nzima.

TV za baadaye zilikuwa na swichi nyuma ya kuchagua mfumo. Tatizo likafa, na kibarua changu nacho kikapungua.

---

binti_wa_gungu

Fundi, wallahi umeniliza.

Binamu zetu wa Ujiji walikuwa na gemu kama yetu na TV ya Dar. Kwao rangi zilikuwepo, sauti haikuwepo, walikuwa wanapunguza sauti kabisa na kujipigia mlio wenyewe kwa midomo. Sisi tulikwenda kwao kwa miguu Jumapili kutazama rangi, wao walikuja kwetu kusikiliza. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Tulidhani kila nyumba ina riziki yake.

Na kule Ujiji ndiko nilikogundua habari ya petroli. Kwenye ile gemu kuna gari moja la rangi rangi, ukiligusa hilo hulipuki, unaongezewa mafuta. Sasa fikiria watoto wa nyumba ya kijivu! Kwetu magari yote yalikuwa yanafanana. Petroli ilikuwa inaongezeka ghafla, hatujui kwa nini, tukaamini ni bahati ya mtu. Dada yangu alikuwa anasoma bismillahi kila raundi na kwa kweli ilikuwa inamsaidia kuliko sisi. Kaka alikuwa anagonga kila kitu kilichopo barabarani akitafuta bahati, nadhani ndipo alipoharibikia. Nilipofika Ujiji nikaliona lile gari linawaka rangi, nikanyamaza. Sikumwambia mtu njia nzima ya kurudi Gungu.

Nilirudi nikaanza kulichunguza kwenye TV yetu mpaka nikajua namna lilivyo hafifu kidogo kuliko mengine. Nilikuwa na miaka tisa. Hiyo siri niliitunza mpaka leo ninapoandika hapa, na nahisi kaka ataisoma.

---

kasulu_juu

Mnaisifia sana Road Fighter. Barabara imenyooka vile, unakwenda juu tu kama lifti! Kwenye kaseti ileile kulikuwa na F-1 Race, nani anaikumbuka? Unakaa nyuma ya gari, barabara iko mbele yako, inakata kona kweli. Ile ya 1984, programu yake iliandikwa na Satoru Iwata akiwa bado kijana wa HAL Laboratory, kampuni ya kutengeneza gemu. Ndiye huyo aliyekuja kuwa rais wa Nintendo kuanzia 2002 mpaka alipofariki 2015. Ile mashine haikuwa na uwezo wa kuchora barabara inayopinda, kwa hiyo walikuwa wanaisukuma picha mstari kwa mstari, mmoja kidogo kushoto, wa chini yake kidogo zaidi, macho yako yenyewe yanajiambia hii ni kona. Mimi hapo Kasulu nilikuwa nalala na mwili kwenye kona mpaka namwangukia jirani.

Ila mapenzi yangu yalikuwa Excitebike, pikipiki za matope. Hii nayo 1984, kichwa chake ni Shigeru Miyamoto, yule wa Mario. Ukishikilia mwendo mkali muda mrefu injini inachemka, unasimama pembeni kama mtu wa bodaboda mlima wa Manyovu, mpaka upite juu ya mishale ndiyo inapoa. Na kulikuwa na sehemu ya kujitengenezea njia. Nilikaa siku nzima nikajenga vilima, matuta, matope, nikachagua neno SAVE, nikazima, nikaenda kulala nimeshiba. Asubuhi hakuna kitu. Nikajenga tena, nikahifadhi tena, hakuna. Nilimpiga mdogo wangu nikidhani anafuta. Juzijuzi tu nimejua kwamba kile kitufe kilihitaji kifaa cha kurekodia kwenye kaseti za sauti, na kilikuwa kinauzwa Japani tu. Hakikufanya kazi hata kwa Wamarekani.

Mdogo wangu sasa ni askari. Sijamwomba msamaha bado.

---

mawese_mekundu

Mwombe kwa simu.

---

binti_wa_gungu

Mrejesho, wakuu.

Ijumaa nilimpelekea kaka haya maandishi yote. Kasoma mpaka mwisho kimya, miwani puani. Kitu cha kwanza kuuliza: "Huyu wa Tabora ananijuaje?" Kitu cha pili: "Gari la rangi rangi ulilijua tangu lini?" Nikamwambia tangu nina miaka tisa. Akaita mkewe aje asikie.

Mwanangu akaitafuta gemu akaiweka kwenye simu yangu. Kaka akaichukua kwa dharau ya mtu aliyezaliwa na pedi mkononi. Gari likaondoka, namba zikapanda, lori la kwanza, kwishnei. Mara ya pili akayumba akagonga ukingo. Mara ya tatu hata sijaeleza. Anakandamiza mwendo mkali kwa dole gumba vilevile kama 1996, sasa ana mvi.

Akasema gemu hii imechezewa, imeongezwa mwendo, yetu haikuwa inakimbia hivi. Sisi wote tukacheka. Fundi, hebu mwambie.

---

fundi_solda

Samahani mwanangu, hapo kaka yako amesema kweli. Gemu iliandikwa kwa TV za Japani, zinazochora picha mara 60 kwa sekunde. Mashine za PAL zinachora mara 50, yaani ile mikupuo miwili kwa kila picha, na gemu inahesabu hatua zake kwa michoro hiyo. Kwa hiyo yenu ilikuwa inatembea pole kwa sehemu moja ya sita, na ya simu ndiyo mwendo wa kwao. Miaka yote mliendesha taratibu bila kujua.

---

binti_wa_gungu

Fundi, ningekuwa jirani yako ningekuja kuuliza kwa siri.

Nilimsomea. Aliinuka, akajinyoosha, akasema "mnaona", akaondoka na simu yangu eti akaizoee. Hiyo ilikuwa Ijumaa, leo Jumatatu, naandika kwa simu ya mwanangu. Wifi ananiambia usiku anakaa barazani na kioo kinammulika usoni, ukimsemesha anasema subiri nina petroli kidogo.

Jana saa nne usiku akanitumia ujumbe wa sauti kwa namba yake. Nyuma nasikia ule mlio wa gari. Anasema: "Nimemwona. Kapita kulia, anaruka, ana joho. Lakini wewe ulisema amevaa nyeupe. Huyu ana rangi. Kwa hiyo si yule wako."